Saa ya Karibu katika Nchi ya Taratibu

Ilikuwapo nchi, na huenda ipo bado maana hakuna aliyekwenda kuizika, iliyoitwa Jamhuri ya Taratibu. Wageni walidhani jina hilo limetokana na mwendo wa watu wake. Wenyewe walisema sivyo, limetokana na karatasi zake, kwa kuwa huko kila jambo lilikuwa na utaratibu: kuoa, kuchimba choo, hata kupiga chafya mbele ya diwani. Hospitali kuu ya nchi hiyo ilikuwa na Idara ya Dharura. Dharura, kwa maelezo ya serikali, ni ugonjwa usioweza kusubiri. Kwa hiyo wenye dharura walisubiri saa tatu tu, wakati wagonjwa wa kawaida walisubiri siku tatu.

Mlangoni mwa idara hiyo alikaa Bi Siwema binti Makame, mhudumu wa mapokezi, mama wa miaka hamsini na sita. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, mwandiko wake wa duara kama punje za kunde zilizopangwa, na sare yake ya bluu ilikuwa imefuliwa mpaka ikakaribia kuwa nyeupe. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa na kuwaonyesha benchi. Mumewe, Mzee Feruzi, alikuwa mshona viatu, na alikuwa na pumu. Mara mbili pumu ilimbana akaletwa pale, akaketi benchini kama watu wengine, akapona kwa sababu Daktari Mkwavi, aliyekuwa daktari pekee wa idara, alimkuta akizimia wakati anapita kwenda msalani. Bi Siwema alikuwa na hofu ya mara ya tatu. Daktari Mkwavi hakuwa mtu wa kwenda msalani mara kwa mara.

Basi ukaja waraka wenye mihuri mitatu. Ulisema kila Idara ya Dharura ipange Mradi wa Uboreshaji wa Ubora, ili ubora uliopo uwe bora zaidi kuliko ubora uliokuwapo. Wizara ikamleta Daktari Ladislaus Kibingo kuusimamia. Huyu hakuwa daktari wa watu, alikuwa daktari wa mipango. Alikuwa amesomea mipango ng'ambo miaka saba, na mtu akimwita Bwana Kibingo hakuitika.

Mipango haipangwi penye kelele za wagonjwa, akasema Daktari Kibingo. Ikapangwa kando ya ziwa, katika hoteli yenye viti vya kuzunguka, siku sita. Akaenda mganga mkuu, wakaenda manesi wanne, akaenda mtunza stoo na funguo zake zote kiunoni. Gari la wagonjwa nalo likaenda, maana ndilo pekee lililotosha kubeba mbao za kuandikia. Bi Siwema akachukuliwa kuwa mwakilishi wa ngazi ya chini. Hospitalini akabaki Daktari Mkwavi na foleni.

Siku ya kwanza Daktari Kibingo akachora ukutani mfupa wa samaki, akaeleza kwamba kila mwiba utaandikwa sababu moja ya wagonjwa kucheleweshwa. Wajumbe wakabishana asubuhi nzima kama samaki yule ni sato au sangara. Baada ya chakula wakapiga kura, akashinda sato. Mwiba mmoja mdogo karibu na mkia uliandikwa "madaktari ni wachache." Mganga mkuu akaupuuza, akasema miiba midogo humezwa kwa tonge kubwa.

Siku ya pili ikawa ya Kwa Nini Tano. Utaratibu ni kwamba ukiuliza kwa nini mara tano unafika kwenye mzizi wa tatizo. Wakachukua kifo kimoja cha jana yake, kilicholetwa kwa simu kutoka hospitalini, cha mama mmoja wa makamo. Kwa nini alikufa? Alikosa hewa. Kwa nini alikosa hewa na mitungi ipo? Mitungi ilikuwa stoo. Kwa nini haikutolewa stoo? Ufunguo haukuwapo. Kwa nini haukuwapo? Mtunza stoo alikuwa semina. Kwa nini alikuwa semina? Alikwenda kujifunza Kwa Nini Tano. Mjumbe mmoja akaanza kuuliza ya sita, akakumbushwa kwamba zimeruhusiwa tano.

Siku ya tatu ndiyo iliyoleta balaa. Mradi ulikuwa umepewa lengo, nalo ni hili: tangu mgonjwa afike mpaka aonwe na daktari zisipite dakika kumi. Sasa ikabidi ijulikane mgonjwa anafika lini. Mmoja alisema getini, mwingine akasema akishashuka kwenye chombo alicholetwa nacho, mwingine akasema jina lake likishaandikwa. Walipochoka, Daktari Kibingo akasema hebu tuisikie na ngazi ya chini.

Bi Siwema hakuwa amefungua kinywa tangu waondoke nyumbani, ila kwa kula. Kwa muda mrefu alikuwa akikereka kuona mgonjwa anaulizwa vyeti kabla ya kusalimiwa, akaona hapa ndipo pa kulisema.

"Kwetu mgeni hajafika mpaka aambiwe karibu," alisema. "Akipiga hodi asijibiwe, huyo hata akisimama kizingitini bado yuko njiani."

Alitaka kusema kuhusu adabu. Lakini Daktari Kibingo aliweka kalamu chini, akamtazama kama mtu aliyeokota pete ndani ya tonge la ugali.

"Rudia, mama," alisema. "Rudia polepole, waandike."

*

Ikaletwa saa kubwa ya tarakimu nyekundu, ikatundikwa ukutani, ikaitwa Saa ya Karibu. Kitufe chake kiliwekwa chini ya meza ya Bi Siwema, naye akapewa cheo cha Mkaribishaji Mkuu na beji ya kubandika kifuani. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mgonjwa akipiga hodi, Mkaribishaji ananyamaza. Daktari Mkwavi akimaliza mtu, anapunga kitambaa cha kijani. Hapo Mkaribishaji anasema karibu, anabonyeza kitufe, na mgonjwa anakuwa amefika. Jina lake linaingia katika Daftari la Waliofika, lenye safu tano: jina, saa ya kufika, saa ya kuonwa, jina la daktari aliyemwona, na alichofanyiwa. Ili kuzuia udanganyifu, mstari ulioanzwa na mkono mmoja ulipaswa kumalizwa na mkono huohuo, kwa wino, na haukufutwa. Walioshindwa kungoja waliandikwa katika daftari jingine, jembamba, la Wapita Njia.

Wiki ya kwanza wastani ukashuka kutoka saa tatu hadi dakika nne. Vifo ndani ya idara vikakoma kabisa. Watu walikuwa wakifa njiani, na njia yenyewe ilikuwa ile baraza ya mbele, yenye urefu wa hatua tisa kutoka ngazi mpaka mlangoni. Bi Siwema alizipima hatua hizo mwenyewe, jioni moja, alipokuwa akitafuta kitu cha kufanya na miguu yake.

Akajifunza kutazama kalamu badala ya nyuso. Kijana mmoja alimleta mama yake, akapiga hodi tangu saa moja mpaka sauti ikamkauka, halafu akawa anagonga kopo la bati kwa kijiko. Bi Siwema alikuwa akimsikia hadi usingizini. Akaanza kutoka na jagi kuwanywesha maji waliolala barazani, lakini waraka ukaja haraka kuliko waraka wowote uliopata kuja: ni marufuku kuwapa maji, kwa kuwa kwa mila za nchi hii aliyepewa maji amekwisha kupokelewa, na aliyepokelewa amefika.

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mzee Feruzi alikuwa akishona soli, ana uzi mdomoni.

"Kwa hiyo mmeinyonga adabu kwa kamba yake mwenyewe," alisema alipoutoa uzi. "Mama Nusura, siku yangu ikija mimi sitapiga hodi. Nitaingia dirishani kama mwizi. Mwizi huwa anaonwa mara moja."

Bi Siwema hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa Daktari Kibingo kuomba arudishiwe neno lake, kwa kuwa halikuwa na maana ile. Akamweleza kuhusu mumewe na kifua chake. Daktari Kibingo alimsikiliza kwa heshima, akamwonyesha kitabu kilichokwisha kuchapwa, neno lake likiwa ukurasa wa mbele chini ya picha ya sato. Akamwambia neno lile si lake tena, ni la taifa.

*

Siku ya kilele cha mradi alikuja Mheshimiwa Waziri kuikabidhi idara tuzo. Daktari Mkwavi aliamriwa avae koti safi na kusimama mstarini ili apigwe picha, na kitambaa cha kijani akakitia mfukoni. Barazani walikuwa wagonjwa thelathini. Mbele yao likatundikwa turubai ili wasimwone Mheshimiwa, au yeye asiwaone, haikuelezwa vizuri. Juu yake liliandikwa KARIBU MHESHIMIWA, na watu waliojua kusoma wakaona kwamba kumbe neno lile bado linatolewa.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema nchi nyingine zimehangaika kuongeza madaktari, kuongeza vitanda, kuongeza dawa, lakini Taratibu imegundua kwamba kinachotakiwa kuongezwa ni umakini wa kuhesabu. Alisema mgonjwa wa zamani alikuwa akingoja, lakini mgonjwa wa leo yuko safarini, na safari ni maendeleo. Watu wakapiga makofi.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Katikati ya makofi, nyuma ya turubai, ikapigwa hodi.

Sauti ilikuwa nyembamba, na mwisho wake ulikuwa na mluzi, kama upepo unaopita kwenye tundu la ufunguo. Bi Siwema alikuwa amelala akiusikia mluzi huo miaka thelathini na moja. Hakuhitaji kutazama, lakini alisimama akavuta pembe ya turubai. Majirani wawili walikuwa wamemleta Mzee Feruzi kwenye mkokoteni wa maji, wakaupandisha ngazi, na sasa uko kizingitini. Midomo yake ilikuwa rangi ya kivuli. Bi Siwema akageuka kutafuta kitambaa cha kijani, akaona koti jeupe mstarini na kamera mbele yake.

Akafungua kinywa aseme karibu. Hapo ndipo alipowaona wale thelathini. Walikuwa wamenyamaza wote, wameinua vichwa kutoka kwenye mikeka, wanautazama mdomo wake. Yule kijana wa bati alikuwapo, peke yake sasa, sijui alikuwa akimngoja nani. Bi Siwema aliona haya kumkaribisha mumewe akawaacha watoto wa watu.

"Karibuni," alisema. Akabonyeza kitufe, akaketi, akaandika kwa mwandiko wake wa kunde: Feruzi Mbwambo. Saa nne na dakika kumi.

Tarakimu nyekundu zikaanza kukimbia mbele ya Mheshimiwa. Mkokoteni ukaanza kuingia, na nyuma yake watu wanakokotana. Daktari Mkwavi akatoka mstarini, akapiga hatua mbili, mganga mkuu akamshika mkono akisema picha bado. Aliyewahi mlangoni alikuwa Daktari Kibingo. Aliuzuia mkokoteni kwa goti. Alimtazama Mzee Feruzi kuanzia miguuni mpaka usoni, na Mzee Feruzi akamtazama yeye, mdomo wazi kama samaki. Kisha Daktari Kibingo akamgeukia Waziri, anatabasamu.

"Mheshimiwa, ni suala dogo la lugha," alisema. "Mama hakusema karibu. Amesema karibuni. Yaani hivi karibuni. Anawatia moyo wananchi kwamba watapokelewa hivi karibuni."

Mheshimiwa Waziri alifikiri kidogo. Akasema lugha yetu ni tajiri mno, akapigiwa makofi, na askari wakawarudisha watu mikekani. Mkokoteni ulikuwa mzito na majirani walikataa kuugusa, kwa hiyo Daktari Kibingo aliushika mwenyewe vipini vyake, akaurudisha kinyumenyume hatua tisa mpaka penye ngazi, akapangusa mikono kwa leso.

Bi Siwema aliiacha meza akamfuata mumewe. Akampakata kichwa.

"Mama Nusura," alisema Mzee Feruzi, neno moja kwa pumzi moja. "Nimefika?"

"Umefika, Baba Nusura."

Ndani walipiga picha saba. Ya tatu ilipopigwa alikuwa amekwisha kukata roho.

*

Sasa ikawa shida ya hesabu. Daktari Kibingo aliagiza marehemu ahamishiwe Daftari la Wapita Njia, lakini mstari ulikuwa kwa wino katika Daftari la Waliofika, una saa ya kufika na hauna saa ya kuonwa. Kwa utaratibu alioutunga mwenyewe, Mzee Feruzi alikuwa amefika na bado anangoja. Saa ya Karibu ikaendelea kumhesabia. Wastani wa idara ukapanda kila siku. Wakamwita Daktari Mkwavi athibitishe kwamba alimwona. Akasema hakumwona, alikuwa ameshikwa mkono. Wakamhamishia kisiwa kimoja ambacho hakikuwa na wagonjwa kwa sababu hakikuwa na watu, na idara ikaazimwa daktari mwingine siku za Jumanne.

Hapo ikabaki mkono mmoja tu duniani wa kuumaliza mstari ule. Daktari Kibingo akalikwapua daftari, akaenda nyumbani kwa Bi Siwema, akapiga hodi.

Aliyejibu kwa ndani alikuwa Bi Mashavu, dada wa marehemu. Alimwambia mjane yuko eda, hapokei wanaume. Daktari Kibingo akauliza ni kwa siku ngapi. Akaambiwa miezi minne na siku kumi. Akaeleza kwamba ni jambo la dharura. Bi Mashavu akasema pole, na dharura ni nini?

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila alipokosa kuja, simu ya Waziri ilimkumbusha, maana yule mzee mmoja alikuwa sasa anavuta wastani wa taifa zima. Ikawa anashinda kwenye baraza ya udongo, daftari mapajani, suruali imeingia vumbi magotini. Watoto wa mtaani wakadhani ni mfiwa wakawa wanampa pole. Mvua ikaja ikampiga, jua likaja likamkausha. Siku moja ya joto aliomba maji.

"Maji yapo, mwanangu," alisema Bi Mashavu nyuma ya pazia. "Lakini ukinywa utakuwa umefika, na mimi sina ruhusa."

Miezi minne na siku kumi ikaisha. Bi Siwema akaoga, akavua nguo nyeupe, akatoka nje. Alikuwa amekonda. Daktari Kibingo alisimama haraka mpaka daftari likaanguka, akaliokota akalipangusa kwa kiwiko. Akaongea kwa upole sana. Alisema hakuja kugombana. Anaomba saa tu, saa yoyote, kwenye safu ya tatu, mstari ufungwe, marehemu apumzike na nchi ipumzike.

Bi Siwema alilifungua daftari. Alipoliona jina alilipitishia kidole, kwa kuwa wino ulikuwa umeshika vizuri.

"Nikiandika saa ya kuonwa, lazima niandike na daktari aliyemwona," alisema. "Alimwona daktari gani?"

"Andika yeyote, mama."

"Siwezi kuandika yeyote. Nilikuwapo." Akamwinulia macho. "Aliyemwona ni wewe. Ulimtazama tangu miguuni mpaka usoni."

"Mama, mimi si daktari wa..." Hakuwahi maishani mwake kukiri kwamba si daktari wa watu, na neno halikutoka.

"Ulimwona au hukumwona?"

Mtaani wenye kutwanga walisimamisha michi. Daktari Kibingo alitazama mikono yake.

"Nilimwona," alisema.

Bi Siwema akaketi barazani, akaweka daftari gotini, akaandika bila haraka, anainua kalamu kila herufi. Saa ya kuonwa: nne na dakika kumi na moja. Jina la daktari: Daktari Ladislaus Kibingo. Kwenye safu ya mwisho, ambayo ilikuwa nyembamba ikabidi mwandiko aubane, akaandika alichofanyiwa: Alirudishwa nje kwa mkokoteni, hatua tisa, yu hai. Akampa daftari, akaingia ndani.

Daktari Kibingo aliusoma mstari ule amesimama. Alipofika safu ya mwisho mdomo ulimtetemeka, na wale waliokuwapo wanasema kwa muda kidogo alifanana na mtu. Kisha jicho lake likarudi nyuma, kwenye safu ya pili na ya tatu, na akatoa moja kwenye nyingine kama alivyofundishwa.

"Dakika moja," alisema taratibu.

Akalifumba daftari, akalikumbatia, akaondoka anakimbia.

Ikawa rekodi. Hakuna mgonjwa katika Jamhuri ya Taratibu aliyepata kuonwa upesi kuliko Mzee Feruzi mshona viatu, wala daktari aliyepata kumwahi mgonjwa kuliko Daktari Kibingo. Mheshimiwa Waziri alimvisha nishani uwanjani mbele ya wanafunzi wenye bendera. Daftari limewekwa wizarani ndani ya kioo, limefunuliwa ukurasa uleule, na wajumbe wa nchi za jirani huletwa kulitazama. Wanasoma saa ya kufika, wanasoma saa ya kuonwa, wanatikisa vichwa kwa kustaajabu, wanaandika dakika moja kwenye vitabu vyao. Safu ya mwisho iko palepale, haikufunikwa na kitu chochote, na mwandiko wake ni wa mtu wa darasa la saba, kila herufi inasomeka.